Kona ya Tatu

Wasemao kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiyo ngoma,
hawajapanda Oregina, Genova,
na mama yao nyuma ya Vespa.

Injini ilikuwa ya sisi hamsini,
na sisi tulikuwa wawili,
pamoja na viazi, maziwa, vidonge vya presha
na mkoba wa Mama ambao peke yake ni abiria.
Kila Jumamosi kona ya kwanza tulikuwa tukiipita kwa heshima,
ya pili kwa dua.
Ya tatu, Mama alikuwa akishuka bila kuambiwa,
akitembea kando yangu, mkono juu ya taa ya nyuma
kama anayemsindikiza ng'ombe mgonjwa.
Tukifika juu pamoja,
yeye akihema kidogo kuliko mashine.

Novemba nikachoka kuhurumiwa.
Noemi wa duka la vipuri kule Sampierdarena,
kucha za zambarau, oili pembeni mwa kila ukucha,
akaniwekea kaunta silinda ya sabini na tano,
pistoni imefungwa karatasi kama peremende,
na kabureta mpya, mdomo wazi.
"Ukiipa hewa, ipe na petroli," akasema.
"Nunua na jeti kubwa. Usiwe bahili."

Nilikuwa bahili.

Nikaifungua injini jikoni juu ya magazeti,
Mama akiivuka kwenda kwenye sufuria.
Wiki nzima tulikula samaki wenye harufu ya karakana.
Nikazilinganisha silinda, ya kale na mpya:
vipenyo vimepitana unene wa penseli.
Penseli tu! Nikajiuliza
ni mara ngapi maisha yangu yamekwama kwa penseli.

Jumapili, njia ya bandarini, tambarare,
sindano ikapita sitini, ikapita sabini,
mimi nikipiga kelele ndani ya helmeti,
kisha
kimya.
Gurudumu la nyuma likagoma kama nyumbu,
nikateleza hadi kwenye pipa la chupa.
Plagi ilikuwa nyeupe, mfupa mtupu.
Hewa tele, petroli haba: pistoni ilivimba kwa joto,
ikaukumbatia ukuta, ikakataa kuachia.

Noemi hakusema neno.
Aligongagonga kaunta kwa ukucha mmoja, taratibu,
mbele ya sanduku la jeti.

Basi msasa, ringi mpya, jeti namba mbili juu,
na kilomita mia tano za kuilea kama mwali,
bila kuifokea, bila kuikimbiza.
Plagi ikaja na rangi ya ganda la karanga.
Bima bado inasema hamsini. Nyamaza.

Jumamosi ile:
kona ya kwanza, tumepita.
Ya pili, tumepita.
Ya tatu sikuiona.

Juu kabisa nikazima, nikangoja sifa.
Mama alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili.
"Delfina alikuwa dirishani," akasema.
"Amenipungia. Sikuwahi kumjibu."

Miaka kumi na mmoja nilidhani anashuka kwa ajili ya injini.
Kumbe kona ya tatu ina dirisha,
dirisha lina Delfina,
Delfina ana goti bovu na habari za wiki nzima,
na mwendo wa pikipiki iliyoshindwa unatosha kabisa
kwa "daktari kasemaje?", kwa "mwanao kapiga simu?",
kwa limau moja kutupwa na kudakwa.

Sikuirudisha silinda ya zamani. Nisidanganye,
naupenda mno mngurumo huu, na peke yangu
huipanda Oregina kama mwizi aliyeonwa.
Lakini Jumamosi, ikikaribia ile kona,
naachia mafuta, nauma klachi,
nguvu zote zile nilizozilipia zikiburuta miguu.
Mama hunigonga begani.
"Imeshindwa tena?"
"Imeshindwa."
Naye hushuka, akijitengeneza nywele.

Ukiitazama plagi siku hizi,
ina masizi kidogo.