Daftari la Vipimo

Kurasa za mwanzo zimeliwa na mende,
lakini mwaka aliotoka Langoni nausoma bado:
*Lali. Shingo kumi na tano na nusu.*
Mabega ni ya baba, hamali wa mawe
kutoka gatini hadi kwenye nyumba za watu.
Kanzu yake ya safari kitambaa hakikutosha,
nikaunga kwapani, nikamwambia asiinue mikono.

Alikwenda kurusha tufe, chuo kikimlipia.
Kocha mmoja akamtazama mabega, tufe hakulitazama,
akampa kofia yenye kimia cha chuma usoni.

Aliporudi mara ya kwanza, shingo kumi na tisa.
Futi yangu ikaishia kifuani kabla hajavuta pumzi.
Nikaandika: *sitini, na uzi wa vidole viwili.*

Barazani wakamuuliza, "Umefunga mangapi?"
"Sifungi. Nazuia."
"Basi u golikipa."
"Hakuna golikipa."
"Sasa mpira waushika lini?"
Akacheka, akawaonesha vidole,
viwili vimepinda kama kulabu za buchani.
"Mimi huvunja mlango. Kuingia, huingia wengine."

Misimu tisa, na mpira aliushika mara moja.
Ulimponyoka mtu, ukadundadunda ovyo,
Lali akaukumbatia, akakimbia hatua kumi na moja,
wakamwangusha.
Tuliiona kwa simu ya Famau, saa tisa usiku,
picha ikiganda, ikitembea,
mama akisoma Ayatul Kursi
kila walipoinama kwenye mstari.

Likizo moja alikutana na punda wa saruji
katika kichochoro cha nyuma ya msikiti.
Hapa kila mtoto ajua: punda hapishi.
Lali akainama, vidole vya mkono mmoja chini,
makalio juu, macho mbele.
Punda akasimama.
Kisa hicho kilisimuliwa mpaka Idi,
na kila msimulizi alimwongezea punda mfuko mmoja.

Kisha goti la kushoto. Kisha la kulia.
Kisha barua ya mistari minne, ya adabu sana,
ikimtakia kila la heri.

Sasa shingo ni kumi na saba.
"Futi umeiweka wapi?" aniuliza,
nayo i mkononi mwake.
Aniuliza tena.
Mwanga wa dirishani humchoma, nimetundika leso.
Nampima kanzu ya harusi ya Mwanashee, bintiye,
naye asimama wima, mikono kando, mtiifu,
kama aliposimama na chupi mbele ya wanaume wa ng'ambo
wakiandika urefu wa mkono, upana wa kiganja,
mbio zake kwa sekunde na vipande vya sekunde.
Mama yake ni nani, hakuna aliyeuliza.

Jana nilikuwa nyuma yake, kichochoro kile kile.
Punda akaja na mchanga.
Lali akageuka, mgongo ukutani,
akavuta tumbo ndani, akampisha.
"Umemwona?" akaninong'oneza. "Apitia kushoto.
Wote hupitia kushoto."
Akabaki pale ukutani, akihesabu kitu,
hata mlio wa kwato ulipokwisha.

Nilirudi cherehanini, nikafungua ukurasa mpya.
Shingo nimeiandika kwa penseli.