Kana Kwamba Barabara Haipo

Mwalimu Haigh anaandika ubaoni kwa wino wa kijani:
mnunuzi mwenye hiari, muuzaji mwenye hiari.
Anageuka, anapangusa miwani kwa ncha ya tai.
"Sasa iondoeni barabara vichwani mwenu.
Ithaminini nyumba kana kwamba mradi haupo,
haujatajwa, wala hautakuja."
Tunaandika. Nje mvua ya Huddersfield
inanyesha kama ile ya Tukuyu, bila haraka,
mvua yenye mshahara wa mwezi.

Nimejifunza kuishi na watu wasiokuwepo.
Yupo huyu mpangaji wa kudhaniwa,
kodi yote ya majengo imekaa mgongoni mwake:
hakohoi, hana mtoto wala paka,
kila mwaka yuko mlangoni, pango mkononi,
anasubiri nimwambie ni kiasi gani.
Usiku wa kuamkia mtihani nilimwota.
Aliniuliza kama chumba kina joto.

Alhamisi tukapelekwa Mtaa wa Birkhouse
na vipimo vya leza na kofia ngumu.
Nyumba kumi na tisa na duka moja,
mawe bado meusi kwa moshi
wa viwanda vilivyokwisha kuwa maegesho ya magari.
Duka ni la Bi Armitage, fundi viatu na mchongaji funguo.
Nikapima: upana mita nne na nusu, kina mita saba,
unyevu ukuta wa kaskazini, vigae vimelegea.
Nikaomba hesabu za mauzo, miaka mitatu.
Akanipa daftari,
na chai ambayo sikuomba.

Nyuma ya kaunta, misumarini, funguo kumi na saba.
"Hizi ni za kuuza?"
"Hizo ni za watu," akasema.
"Namba sita hujifungia nje kila Jumamosi akitoka baa.
Namba kumi na moja ana moyo mbovu,
akichelewa kufungua pazia, naenda.
Namba mbili amekufa. Sijui nimrudishie nani."
Nikasema, nyumba ni kumi na tisa.
"Wawili tuligombana."

Nikaifungua fomu. Safu ya ardhi. Safu ya jengo.
Safu ya usumbufu: lori la kuhamia, kibao kipya, laini ya simu.
Safu ya hasara ya biashara.
Penseli ikazunguka karatasi
kama nzi asiyeona pa kutua.

Kwetu, walipopanua barabara ya lami,
bwana mthamini alikuja na buti safi
akahesabu migomba ya baba:
yenye mkungu, kumi na minne; michanga, sita;
iliyolala haihesabiwi.
Kaburi la dada yangu lilikuwa na safu yake,
gharama ya kuhamisha,
la mtu mzima na la mtoto bei moja.
Baba alitia dole gumba.
Na kuandika alikuwa anajua.

Ndiyo maana nikaja kuisoma hesabu hii.
Si kwa kisasi. Nilitaka kuchungulia ndani ya mizani
nione kidole cha nani kinakandamiza.
Sijakiona bado. Nimeona mtu aliyechoka,
jedwali, na tarehe ya kukabidhi.
Mwaka kesho, Mungu akipenda,
mtu huyo nitakuwa mimi, nami nitavaa buti.

Leo kazi imerudi. Hesabu sahihi mpaka peni.
Pembeni, kwa wino wa kijani:
"Funguo za majirani hazina thamani ya soko. Ondoa."
Ana haki. Sheria nimeisoma, ana haki.
Nikaziondoa kwenye jumla.
Kisha nyuma kabisa, kwenye viambatisho,
ambako hakuna msomaji anayefika,
nikazitundika tena, moja moja:
sita, Jumamosi.
Kumi na moja, pazia.
Mbili, marehemu; ufunguo upo.