Salio

Juzi Bodi walinitumia salio:
milioni kumi na moja na ushee.
Nililisoma mara mbili, kama swali lenye mtego.

Shule ya Igoma inanilipa laki nne.
Toa chumba. Toa mkaa. Toa asilimia kumi na tano
kabla sijazigusa.
Kinachobaki hukaribia sifuri bila kuifikia:
nililithibitisha hilo chuoni, ukurasa mzima, nikapewa vema.

Dada Milembe aliishia la tano.
Mwaloni anapima dagaa kwa debe,
anakokotoa kichwani, hakopeshi mtu.
"Hizo namba zako zinaliwa na nini?"

Leo, Kidato cha Pili, Ngasa wa dawati la nyuma
kaona mwenyewe kwa nini hasi mara hasi ni chanya.
Akasimama. Kiti kikaanguka.

Hilo niliweke safu ipi?