Moto wa Dakika Moja

Atuganile amerudi kutoka Thailandi
na karai jeusi, zito, limeviringishwa kanga yangu ya zamani.
Miaka miwili alikwenda kusomea mbegu.
Uwanja wa ndege mzigo ulizidi kilo:
akaacha viatu, karai hakuliacha.

Mimi nauza mboga. Mwanjelwa wananijua,
mama wa matembele, jirani na wauza vitunguu.
Chainizi, figiri, mnafu, majani ya maboga,
nipe jani gizani, nitalitaja kwa kidole.
Leo mtoto niliyemsomesha kwa mafungu ya mia mbili
ananifundisha kupika mboga.

"Mama, haitaki karanga."
Haya.
"Haitaki nyanya, wala haifunikwi."
Haya.
"Dakika moja tu. Na moto uwe mwekundu."
Hapo nikacheka.
Juni hii, Mbeya hii,
mkaa umelowa ukungu, unakohoa tu.

Tukalitoa jiko nje, nyuma ya choo,
upepo wa Loleza unakoshukia bila hodi.
Upepo huu umeniibia nguo kwenye kamba,
mwaka jana uliniezulia bati mbili.
Leo ukalipa deni.
Mkaa ukanguruma, karai likatoa moshi likiwa tupu.

Kitunguu saumu alikiponda kwa ubapa wa kisu.
Pilipili kichaa nne. Nne!
Mchuzi wa samaki wa kule hakuna,
akachemsha usipa wa Matema kwa chumvi, akachuja;
paka wa mtaa mzima wakawa ndugu zetu.
Kisha akatupia matembele, bado yanachuruzika maji,
shwaa!
ulimi wa moto ukaruka ukingo wa karai,
nikarudi nyuma, nikaliita jina la marehemu baba yake.
Sijalimaliza, mboga iko sahanini.

Mbichi, nikasema.
Sikusema kwamba nimeongeza.

Ndipo akanionyesha picha kwenye simu,
mboga yenyewe inayopikwa kule:
shina lina uwazi kama mrija, linatambaa juu ya maji,
ua jeupe, koo la zambarau.
"Ni ndugu wa matembele, mama, ila huyu anapenda matope."
Nikaisogeza simu mbali kidogo, macho yangu siku hizi yanataka nafasi.

Huyu namjua.

Huyu alijaa majaruba yetu ya Kyela.
Baba Atu alimng'oa kila msimu, maji magotini,
akamrundika kingoni, akamtukana kwa Kinyakyusa.
Tuliwapa nguruwe.
Mwaka ule wa mafuriko, mpunga ulipooza,
tulikula ugali kwa chumvi siku kumi na moja,
nami nina mimba ya huyu huyu mwenye karai,
na jani lile lilikuwa pale, kijani, limefika mlangoni,
linaelea.

Sikumwambia.
Nilisema, "Kesho tafuta mkaa wa muwati, huo unashika."

Jumatatu mteja mgeni akanunua mafungu matatu,
akauliza yanapikwaje.
Nikamwambia kama siku zote: nyanya, karanga, moto mdogo, usiwe na haraka.
Akalipa, akaondoka.
Alipokwisha kuvuka mtaro nikamwita,
"Dada! Nyumbani una kitunguu saumu?"