Silinda ya Tatu

Valvu hurekebishwa injini ikiwa baridi,
kwa hiyo tumeamka kabla ya majogoo,
baba na mimi, Caxias do Sul, mwezi wa Juni.
Sakitu imeivika mizabibu shashi nyeupe.
Kibuyu chake cha mate kiko juu ya betri,
mahali ambapo mama alikataza
mpaka siku aliyokufa.

Gari ni Puma, ya mwaka sabini na nne,
mwili wa fibaglasi, mwepesi kama ganda la yai.
Injini iko nyuma, na haijui maji:
haina rejeta, haina pampu, haina kiu.
Inaishi kwa upepo, na upepo haukutosha
kwa sababu baba hakuridhika na alichouziwa.
Alitanua silinda. Alibadilisha kemshafti.
Akapachika kabureta mbili za Kiitalia,
moja huku, moja kule,
kama mke na mume waliogombana
wakalala kila mmoja ukingoni mwa kitanda.

Zamani aliwapatanisha kwa kipande cha mpira:
ncha moja kooni mwa kabureta, ncha nyingine sikioni,
shhh ya kushoto, shhh ya kulia,
skrubu robo mzunguko, arudi, alegeze,
mpaka zipumue pumzi moja.
Sasa sikio la kushoto limekwenda, la kulia linalifuata.
Miaka thelathini na miwili ya kugonga bati.
Daktari alimpa vifaa; viko kwenye droo, na gaskiti kuukuu.
Sikio la kufa halisikii dawa, husemwa.
Lake lingesikia. Mwenyewe ndiye hataki.

Basi nimekuja na kipimo changu cha kiwandani,
kioo, sindano, namba.
Kushoto sita na nusu, kulia sita:
namwandikia kwa chaki sakafuni.
Anasoma. Anafuta kwa kiatu.

Anachukua bisibisi ndefu,
ncha anaituliza juu ya chuma kinachounguruma,
mpini anauuma.
Anafumba macho. Taya linatetemeka,
mishipa ya shingo inatetemeka,
na mzee asiyesikia nikimwita mezani
anasikiliza kwa meno.
"Ya tatu," anasema, mpini ungali mdomoni.
"Ya tatu inabanwa."

Ya tatu imejificha nyuma ya kipoza oili,
hupata hewa iliyokwisha kupita kwingine,
ya moto, ya mkono wa pili.
Mimi nilivaa mashati ya Adelmo
ambayo Adelmo aliyatoa kwa Rovílio. Naijua.

Natamani kusema ni plagi.
Naichomoa: rangi ya kahawa yenye maziwa, nzuri,
lakini petroli ya huku ina pombe ya miwa
na plagi iliyolewa haitoi ushahidi.
Ni valvu, ya ekzosi. Niliikaza mno alfajiri,
kwa mikono yangu, vidole vikiwa ganzi.

Hatuwezi kuigusa ikiwa moto.
Tunazima, tunakaa juu ya matairi, tunangoja.
Chuma kinapopoa hulia tik, tik,
kwanza haraka, kisha kama mtu anayetafuta neno.
Saa mbili. Mate yameisha ladha, bado tunayanyonya.
Hajauliza nani aliikaza.

Adhuhuri naweka unene wa filageji, nafunga, nawasha.
Naokota bisibisi nimpe.
Anatikisa kichwa, anafungua droo,
anavisogeza vifaa vya daktari pembeni
na kutoa ule mpira, mgumu, uliopasuka mdomo.
Ncha anaitia kushoto.
Ncha nyingine anaielekeza kwangu.

"Niambie," anasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi,
"inasemaje?"

Nainama. Ni baridi ndani ya sikio.
Kuna upepo, na nyuma ya upepo kitu kama mchanga
unaomwagwa polepole kwenye karatasi,
na sina jina lake, baba, ngoja,
usiguse skrubu bado.