Kifumbu

Kwetu Uweleni, Mkoani, juu ya kabati la vyombo
lipo tangi la kioo, samaki watano wekundu,
na pampu inayokoroma ndani ya sponji.

Asaa, mume wangu, aliniuliza:
"Maji meupe hivi, unachuja nini?"
Sikumjibu. Niliichomoa sponji
nikaikamulia kwenye bakuli lake la uji.

Yakatoka maji kama chai ya jana:
makombo, magamba, mavi ya siku saba,
yote yalikuwa yakipita mbele ya macho yetu
tusiyaone.

"Yangebaki mle yangeoza," nikasema,
"na kuoza hakuanzi na rangi."

Mama alipokamua nazi
hakuacha chicha hata chembe iingie mchuzini.
Kifumbu hakipiki, hakiungi,
lakini kiondoe, uone nani atakula.

Siku hizi umeme ukikatika usiku
yeye ndiye anayeushtukia ule ukimya:
"Zuwena, kifumbu kimelala."

Asubuhi naiosha sponji
kwa maji yale yale ya tangi, si ya bomba,
taka zitoke,
vijidudu vya kheri vibaki.

Bakuli lile
hajalitaka tena.