Kapu la Jumamosi

Walilipa kabla sijasia hata mbegu,
kaya kumi na tisa za Ganda na Msabaha,
mia sita kwa mwezi, wengine vipande vipande;
Mama Dzendere alileta mia mbili na kuku.

Nikanunua pampu ya kukanyaga, kuukuu,
ya mtu aliyehamia Mariakani.
Kanyagio lake la kushoto hulia kama mlango wa choo.
Mipira ya maji nimeitoboa mwenyewe
kwa spoku ya baiskeli iliyotiwa moto,
tundu moja kila shubiri.
Toroli? Gurudumu la pikipiki,
na mbao za kitanda cha marehemu shangazi.

Usiku wa Alhamisi kiboko akapanda kutoka Sabaki.
Hakubagua: sukuma, bamia, mchicha,
kisha akajinyoosha juu ya vitunguu
kama mgeni asiyeulizwa anaondoka lini.

Jumamosi wakaja na makapu yao.
Nikagawa kilichosalia: matembele,
mtsunga uliojiotea mferejini,
biringanya moja moja, nyingine nusu.
Daftari lilikuwa wazi, hesabu za kuwarudishia
nimezipiga usiku kucha.

Mwalimu Ngowa akalipima fungu lake kiganjani.
"Sisi tulinunua msimu," akasema,
"hatukununua kapu."
Mama Dzendere akaguna tu. Kuku wake alikuwa ameshaliwa.

Sasa mwalimu amekunja suruali hadi magotini,
anakanyaga pampu, maji yanatafuta matundu,
na kila akishusha mguu wa kushoto
mlango unalia.
"Mafuta ya nazi," ananiambia bila kugeuka.
"Nitakuja nayo Jumamosi."